Mnazi wa Kupikia

Muuguzi wa zahanati alimwambia mume wangu maneno matatu tu: sukari yako inapanda. Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba sukari hiyo niliipandisha mimi kwa ngazi, akanisomea orodha ya vitu vya kuacha kupika. Unga mweupe, mahamri, mkate wa dukani, chai ya vijiko vinne.

"Mpikie nafaka isiyokobolewa, mama," alisema. "Ngano nzima, wimbi, mtama. Ale asubuhi ashibe, asizunguke akitafuta vitamu mchana kutwa."

Nilijua hamu hiyo ya vitamu ilitoka wapi. Mume wangu alikuwa ameacha pombe mwaka mmoja na kitu, na ulimi uliozoea kileo ulikuwa umehamia kwenye sukari. Aliweza kumaliza mahamri saba kwa kikao kimoja na bado akachungulia sufuria. Sikuwahi kulalamika. Mwanamke aliyewahi kumtoa mumewe mtaroni mbele ya majirani hana sababu ya kugombana na mahamri.

Tulikaa Mikindani, vyumba viwili nyuma ya kanisa. Yeye alikuwa mlinzi na mtunza kanisa: anashika funguo, anafungua lango, anafagia, anapanga viti. Kazi hiyo alipewa na wazee wa kanisa baada ya kuokoka, na nyumba ilikuja pamoja na kazi. Sharti lilikuwa moja, na alilitamka mwenyewe mbele ya watu wote: siku atakayoonja pombe kwa hiari yake, atakabidhi funguo na kuhama. Siku ile nilipiga vigelegele mpaka koo likanikauka. Tulikuwa na binti wa miaka tisa aliyekwisha kuhamishwa nyumba nne kwa sababu ya babake, na kwa mara ya kwanza alikuwa na ukuta wa kubandika michoro yake.

Basi nikaanza kupika nafaka isiyokobolewa. Ilikuwa mara tu baada ya Pasaka. Nilinunua ngano nzima sokoni Kongowea, nikaongeza wimbi na mtama, nikakaa chini nikachambua mawe punje kwa punje, nikaosha, nikaanika kwenye mkeka nyuma ya kanisa huku nikifukuza kuku wa jirani. Kijana wa mashine ya kusaga alitazama mchanganyiko wangu akaniuliza kama ni chakula cha kuku. Nikamwambia ni cha mume. Alicheka, akasaga, na unga ukatoka wa rangi ya udongo, una harufu nzuri ya kitu kilichokuwa shambani juzi tu.

Chapati za maji nimezipika tangu sijafika urefu wa meko. Unga, tui, yai, chumvi kidogo, hiliki. Unakoroga, unamimina kwa upawa, unazungusha kikaango, unageuza. Kwa unga mweupe hata mtu aliyelala nusu anaweza. Unga huu mwingine una tabia zake. Unakunywa tui mbele ya macho yako. Unaukoroga mwepesi, ukigeuka kuchukua mwiko umeshakuwa uji mzito. Ukimimina haujitandazi, unakaa palepale ulipoangukia kama umenuna. Za kwanza zilitoka nzito, pembeni zimekauka na katikati mbichi.

Mume wangu alikunja moja, ikavunjika. "Mama watoto," akasema, "hii ni chapati au ni kigae?"

Nilijifunza. Niliuacha mchanganyiko usiku kucha ili maganda ya nafaka yalainike. Niliongeza tui jepesi asubuhi. Nikatia hamira ili ziumuke, na kweli ziliumuka, ila hamira ilimchoma kifua. Alishinda akicheua langoni, akisema muuguzi na mimi tumeungana kumwua. Nilipopunguza hamira, kigae kikarudi. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu.

Bibi alikaa Kaloleni, na katika maisha yake yote hakununua hamira hata siku moja. Alfajiri mgema akiteremka mnazini na kibuyu chake, bibi alimwomba kikombe kimoja cha mnazi, yaani tembo, uliogemwa usiku ule, ungali mtamu, haujapata ukali wa kumlewesha hata nzi. Akautia kwenye unga wa mtama, akafunika kwa kitambaa, akaenda shamba. Akirudi unga umepanda, una vitundu juu. Mikate yake tulikula watoto, walikula wajukuu wanaonyonya, na mwinjilisti aliyekuja kumhubiria aache mizimu alikula sita na kuombea mikono iliyopika. Motoni mnazi wote unakwenda na mvuke. Kinachobaki ni wepesi na utamu wa mbali. Kwetu bara ya pwani jambo hili halikuwa siri wala dhambi. Ilikuwa ndiyo hamira.

Nilifikiri kidogo, sitasema sikufikiri. Nilijua nyumba niliyokuwemo. Lakini nilijua pia kinachobaki katika chapati na kisichobaki, na nilimwona mume wangu akila vigae kwa uso wa mgonjwa. Nikajitanda leso, nikaenda mpaka Magongo, mbali na macho ya kanisa, kwenye mangwe moja niliyoisikia. Mangwe ni kibanda cha kuuzia mnazi, benchi mbili na makuti. Ilikuwa saa nne asubuhi na wateja walikuwa bado hawajaanza kujaa. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, mwenye lafudhi ya kwetu.

"Karibu, mwanangu. Wataka wa kunywa au wa kupikia?"

Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia. "Wa kupikia, mama."

"Basi ngoja nikupe wa leo, huo wa jana utakuharibia unga."

Asubuhi iliyofuata chapati zilitoka kama nilivyozikumbuka. Mchanganyiko ulijitandaza wenyewe, vitundu vikafunguka juu yake kimoja kimoja, na nilipogeuza upande wa chini ulikuwa na rangi ya asali. Mume wangu alikula ya kwanza kimya. Ya tatu akafumba macho. Hakucheua. Binti yetu akabeba mbili shuleni, akarudi akisema mwalimu ameomba kipande. Kwa wiki nne nyumba ile ilikuwa na furaha ya asubuhi ambayo sikuwa nimewahi kuipata katika ndoa yangu, na niliinunua kikombe kwa kikombe, Jumanne na Ijumaa, kutoka Magongo.

Mara ya nane au ya tisa, yule mama alikuwa anahudumia mtu nje, akaniambia niingie ndani nimngoje. Wanywaji wa kudumu huwa na mirija yao wenyewe ya kunywea, kila mmoja na wake, na huiacha imechomekwa kwenye makuti ya ukuta ili asiichukue mwingine. Ncha ya mrija hufungwa kumvi la nazi la kuchujia, na kumvi hilo hukazwa kwa uzi. Nilikuwa nikiitazama tu kwa kukosa la kufanya. Mmoja ulikuwa umefungwa uzi wa zambarau. Uzi ule niliujua. Nilishonea mikunjo ya majoho ya kwaya, na kibonge chake kilikuwa kwenye kopo langu la sindano, nyumbani.

Nilimwuliza yule mama, kwa sauti ya mtu asiyejali, mrija ule ni wa nani.

"Huo? Wa mlinzi mmoja wa kanisa huko Mikindani. Mstaarabu sana, hana fujo. Mteja wangu tangu Krismasi."

Nilianza kupika kwa mnazi baada ya Pasaka. Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu katika miaka yote iliyofuata hakuna mtu aliyeniuliza.

Jioni ile nilimtuma mtoto dukani, nikamkalisha mume wangu, nikamwambia nimeuona mrija wake. Kwanza alikana. Akaniuliza, kwa ukali wa mtu aliyepata pa kushika, mimi mke wa mlinzi wa kanisa nilikuwa natafuta nini mangweni. Nikamweleza. Nikamweleza yote, chapati, bibi, hamira, kikombe cha Jumanne na cha Ijumaa, kwa kuwa sikuwa na la kuficha na nilidhani ukweli wangu utamtoa wa kwake. Nilikuwa mjinga. Nilimpa silaha mkononi, nikamwonyesha na namna ya kuishika.

Lakini siku ile alilia. Alipiga magoti kwenye sakafu niliyoipiga deki mwenyewe, akasema ni kikombe kimoja kimoja tu, baada ya kazi, na kwamba ataacha. "Nipe wiki mbili, mama watoto. Usimwambie mtu. Nipe wiki mbili nijitoe mwenyewe." Nikampa. Na mimi nikarudi kwenye hamira, nikiipima kwa ncha ya kisu.

Wiki mbili hazikufika. Jumamosi ya pili kulikuwa na harusi. Bibi harusi alifika na shela yake na matarumbeta, akakuta lango la kanisa limefungwa. Watu wakapiga honi, wakagonga, wakaita. Mimi nilikuwa jikoni mwa kanisa kwa nyuma na akina mama wenzangu, tukikata kachumbari ya watu mia, kwa kuwa harusi zote za pale upishi wake niliusimamia mimi. Tulipotoka kuangalia kuna nini, tulimkuta mlinzi amelala nyuma ya tangi la maji, funguo kifuani, mdomo wazi. Hakuhitaji kunuswa. Mzee mmoja alimvua funguo shingoni, na bibi harusi akaingia kanisani amechelewa na machozi yamemharibu uso.

Kesho yake baada ya ibada tuliitwa ofisini kwa mchungaji. Walikuwepo wazee wanne na mama kiongozi wa akina mama. Mume wangu alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe nililompigia pasi mimi asubuhi ile, kwa sababu hata mtu akiaibika ni vizuri aaibike safi. Nilikuwa nimejiandaa kulia naye. Nilikuwa nimejiandaa kuwaomba wampe nafasi nyingine. Sikujiandaa kwa alichosema.

Alisimama, akakunja mikono, akasema kwa sauti ndogo: "Wazee wangu, mimi sikuitafuta pombe. Pombe ililetwa mezani kwangu. Mke wangu alikuwa akinitilia mnazi kwenye chapati, kila asubuhi, bila mimi kujua. Mwili ukaamka. Nilipokuja kujua, nilikuwa nimeshanaswa."

Mchungaji alinigeukia. Alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa bara, na aliniuliza kwa huruma, na huruma ile ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mama, ni kweli ulitia mnazi kwenye chakula cha mumeo?"

Nilimtazama mama kiongozi. Yeye ni wa kwetu, amelelewa vijiji viwili tu kutoka kwa bibi yangu, na kwao mkate haukuumuka kwa maombi. Angeweza kusema sentensi moja. Angesema tu, wazee, huo ni mnazi wa kupikia, sote tumeula. Alikuwa anatazama kucha zake.

Kisha nikamtazama mume wangu. Hakunikwepa macho. Alinitazama kama mtu aliye ndani ya maji, na nilielewa kila kitu alichokuwa anakisema bila kukisema. Akianguka kwa hiari yake, tunahama. Akiangushwa, anasamehewa. Vyumba viwili, bomba la maji mlangoni, shule ya mtoto hatua mia, ukuta wenye michoro. Yote yalikuwa juu ya ulimi wangu. Kama ningetamka neno Krismasi, yangekwisha.

"Ni kweli," nikasema. "Nilitia."

Nikangoja. Nilidhani, Mungu anisamehe kwa ujinga wangu, kwamba baada ya mimi kulibeba atasema angalau nusu. Atasema lakini mke wangu hakukusudia. Atasema na mimi nina makosa yangu. Alikaa chini, akajifuta jasho kwa leso.

Nilitengwa miezi sita. Sikuruhusiwa Meza ya Bwana wala jiko la kanisa. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya ushirika mzima, wakiwemo watu niliowapikia harusi zao na matanga yao, nikasema nilimkosesha mume wangu. Mwanamke mmoja mstari wa pili alimvuta mtoto wake karibu. Mume wangu alirudishiwa funguo siku hiyo hiyo, na wakampigia makofi.

Na hapa ndipo uchungu wangu unapokosa pa kukaa: aliacha kweli. Tangu siku ile ya bibi harusi hajaonja. Mwaka wa saba huu. Sukari yake imeshuka, sijui kama ni kwa ajili ya nafaka zangu au kwa ajili ya woga. Amekuwa mzee wa kanisa. Nyumba tunayo, binti yuko kidato cha tatu. Nikifungua kinywa leo, nitakuwa mwanamke anayemwangusha mtu aliyesimama, na watasema si ajabu, alikwisha kufanya hivyo mara moja. Mara nyingine namchukia kwa kupona kuliko nilivyomchukia kwa kulewa. Najua si jambo la kusema, lakini ndivyo lilivyo.

Hutoa ushuhuda. Alianza hapa kwetu, sasa anaalikwa Changamwe, Likoni, hata kwa vijana wa mashuleni. Ana kipaji, siwezi kumnyima. Ushuhuda umekua kila mwaka. Kikombe changu kimekuwa chupa, chupa imekuwa jerikeni. Kuna mahali anaiga sauti yangu nikimbembeleza: "Ongeza moja, baba," na watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Mimi sikuwahi kusema ongeza moja. Kisha sauti yake inashuka, anaelekeza mkono nilipokaa, anasema, "Na mke wangu yule pale, tumeokoka sote," na akina mama wananigeukia na kunishika mkono. Nimejifunza kutabasamu kwa wakati.

Jikoni mwa kanisa nilirudishwa baada ya ile miezi sita, lakini kumenya na kuosha tu. Nikikaribia sufuria, kuna mtu hupata sababu ya kusimama kati yangu na moto. Hawasemi kitu, wana heshima zao. Juzi msichana mgeni alinipa mwiko nimkorogee mchuzi wakati anajibu simu, na nilikoroga kwa furaha kama mwehu mpaka mama kiongozi akaja, akaupokea mwiko kwa upole, akaniambia nikapumzike.

Jumamosi iliyopita nilikuwa napika chapati za asubuhi, zilezile za ngano na wimbi na mtama. Mume wangu alikuwa mezani na chai yake isiyo na sukari. Binti yetu aliingia kutoka chumbani. Siku moja kabla, babake alikuwa amealikwa kushuhudia shuleni kwao, mbele ya kidato kizima, na alikuwa ameiga sauti yangu. Mtoto alisimama mlangoni, hakuamkia.

"Mama," akasema, "wenzangu wameniuliza jambo. Ulikuwa unamchukia baba?"

Nilishika mwiko. Miaka yote ile nilijiambia nimenyamaza kwa ajili ya huyu mtoto, awe na ukuta, awe na mlango wake, asihamishwe. Sikuwahi kufikiria kwamba atakua, na kwamba ataketi kwenye viti vile akasikiliza, na kwamba yeye pia atacheka au atalia pamoja nao. Wengine wote wangeweza kuniweka walikotaka. Huyu sikuwa nimewapa.

Niligeuka nikamtazama mume wangu, nikampa nafasi. Tulikuwa watatu tu. Hapakuwa na mchungaji wala wazee wala funguo za kupokonywa. Neno moja lingetosha, na lisingetoka nje ya chumba kile. Chapati ilianza kuungua na sikuigeuza. Nilimngoja kama sikuwahi kumngoja hata zile siku alizokuwa harudi.

Aliweka kikombe chini. Akajifuta mdomo. Niliona kabisa lile neno likimfika kooni, naapa niliona, kisha nikaliona likirudi chini.

"Usimuulize mama yako mambo hayo," alimwambia, kwa upole, kwa sauti ileile ya ushuhuda. "Mimi nilimsamehe kitambo."

Binti yangu akashusha pumzi. Uso wake ukalainika, akaja akanishika bega, mtoto mwenye adabu niliyemlea mwenyewe.

"Mama," akaninong'oneza, "mwambie baba ahsante."

Nikamwambia.